Mpira Haukimbii

Sifa zote njema ni za Mola aliyeitandaza ardhi, akaipamba kwa milima na mabonde, kisha akawastahamilia waja wake walipoanza kuichimba vishimo vidogo, wakasimama mbali navyo, na kuhangaika siku nzima juani ili kutia kimpira ndani yavyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyetuhimiza tueneze salamu baina yetu. Na baada ya hayo, nataka kueleza habari za mtu mmoja niliyemjua miaka mingi hapa Doha, ambaye maisha yake yalipinda kwa sababu ya salamu moja.

Jina lake sitalitaja. Hajanipa ruhusa, na hata angenipa, hakuna ambaye angemtambua kwalo. Sote tulimwita Kocha. Hata mkewe, akipiga simu kutoka Kenya, alisema, "Kocha, umekula?"

Mimi nilikuwa dereva wa basi la chuo alikofundisha gofu. Zamani nilisomesha madrasa Mombasa, kisha riziki ikanivusha bahari na kuniweka nyuma ya usukani. Namshukuru Mungu, kazi hizo mbili hazikutofautiana sana: kote umebeba watoto wa watu, na kote wale wa nyuma ndio wenye kelele. Kwa hiyo Kocha aliniita Ustadh, na jina likanishika.

Mtu akikutana naye mara ya kwanza alitazama mikono yake. Wacheza gofu huvaa glavu mkono mmoja tu, na Kocha alikuwa amecheza gofu ya kulipwa tangu ujana wake. Basi mkono wa kulia ulikuwa umechomwa na jua ukawa mweusi tititi, na wa kushoto, ulioishi ndani ya glavu, ulikuwa maji ya kunde, laini, kama wa karani wa benki. "Huu ni wa shamba," alikuwa akisema, "na huu ni wa harusi." Na kweli, katika kila picha aliyopiga na wanafunzi, wa harusi uko mbele.

Ukimuuliza ameshinda nini katika miaka hiyo yote ya kuzunguka viwanja, Kenya, Uganda hadi Zambia, alijibu bila kufikiri: "Nimeshinda mbuzi, blenda, na maadui." Mbuzi alipewa huko Zambia, mbele ya watu katika sherehe ya kufunga mashindano, na ilimbidi asafiri naye ndani ya basi usiku kucha pamoja na mfuko wa fimbo zake. Kulipokucha mbuzi alikuwa amekula glavu. Tangu siku hiyo Kocha na mbuzi hawakupatana, na Mola kwa hekima yake akampeleka uzeeni kufundisha katika shamba la mbuzi. Nitafika huko.

"Sikuwa mbaya, Ustadh," aliniambia siku moja. "Mara nyingi nilikuwa wa nne. Dunia imejaa watu wa nne. Shida ni kwamba jukwaa wamelitengeneza la watatu."

Alikuwa na maneno yake mengi. Mwanafunzi akipiga mpira kwa nguvu kama anayepasua kuni, alimwambia, "Pole pole, hiyo si kuni, ni ugali. Songa." Akimwona mwingine ananung'unika baada ya kukosa, alisema, "Hasira haina mkono mzuri." Lakini neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa hili: "Mpira haukimbii." Alilisema kila siku. Katika michezo mingine yote, alieleza, mpira unakujia, unakupita, mtu anakunyang'anya. Wa gofu umekaa hapo unakungoja, hata ukienda kunywa chai ukirudi utaukuta. "Sasa wewe una haraka ya nini?"

Angalau hivyo ndivyo alivyofundisha. Yeye mwenyewe alikuwa na haraka ya kila kitu. Alikaa kiti cha mbele cha basi langu, na tukikaribia mzunguko wowote wa barabara alikanyaga sakafu kwa mguu wake kana kwamba ana breki zake mwenyewe. "Ustadh, breki! Breki!" Siku moja aliamka usingizini akapiga kelele hizo hizo na gari limeegeshwa, mimi niko nje nanunua chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki.

Na huyo mwenye kuhubiri kwamba hasira haina mkono mzuri, mtazame akicheza drafti na askari wa getini, vijana wa Kenya na Uganda waliotumia vizibo vya soda. Akifungwa alisimama, akazunguka kibanda, akarudi na kudai kizibo kimoja kilikuwa cha kinywaji kingine, kwa hiyo mchezo hauhesabiki.

"Kocha, kubali umelimwa," askari walimwambia.

"Sijalimwa. Nimetereza."

"Mara tisa?"

"Kuna siku za kutereza."

Alikuwa Mkristo wa dhati, na hilo nalimshuhudia. Ijumaa asubuhi, ambayo ndiyo siku ya mapumziko ya huku, tuliondoka pamoja: namshusha kanisani, kisha narudi kujitayarisha kwa msikiti. Sala zake za chakula zilikuwa ndefu mno. Wakati mmoja tulikula biriani katika mkahawa mmoja mtaa wa Al Sadd. Akafumba macho akamshukuru Mungu kwa mchele, kwa kuku, kwa wazazi wa kuku, kwa aliyelima vitunguu, na kwa lori lililovileta. Mhudumu, binti wa Kiganda, akamwona mteja ameinamia sahani, macho yamefumbwa, na kichwa kinatikisika. Akaenda kumwita meneja. Meneja alifika mbio akaomba radhi, akaiondoa sahani na kutuletea nyingine. Kocha alifumbua macho, akaona sahani mpya, akaanza upya.

Heshima yake kwa dini yangu ilikuwa kubwa kiasi cha kumtia taabuni. Mwezi wa Ramadhani nilimwambia, "Kocha, kula wewe, hunidhuru kitu." Akakataa. "Nitakutamanisha, Ustadh. Thawabu zako zikikuponyoka, mimi nitazilipa vipi?" Ikawa anajificha ili ale. Ramadhani moja, ilikuwa msimu wa baridi, aliingia katika buti la basi, kule tunakoweka mifuko ya fimbo, na chapati yake ya maharagwe. Mimi bila kujua nikapita nikalifunga, nikaondoka kwenda Industrial Area, gari likatazamwe na fundi. Njiani nikasikia kitu kinagonga nyuma. Nikasema, hii ni ekseli, afadhali niwahi. Kila kikigonga, naongeza mwendo. Fundi wangu, kijana wa Kisumu, akafungua buti, kisha akaniita kwa upole:

"Mzee, njoo uone. Ekseli yako inakula chapati."

Kocha alitoka, akajikung'uta, akauliza, "Breki zangu ulikuwa huzisikii?"

Huyo ndiye mtu aliyepewa timu ya gofu ya chuo chetu, na timu hiyo, Mungu atuhifadhi, ilikuwa ya mwisho. Kila mwaka vyuo vya hapa hukutana kushindana, na kila mwaka sisi tulishika mkia kwa uaminifu. Walikuwa wanafunzi wanne. Nahodha wao alikuwa Achieng', aliyesomea uuguzi, msichana mwenye mkono mtulivu na mdomo usiotulia. Baada yake Mugisha, Mganda mrefu wa uhasibu, aliyechukulia kila jambo kama msiba. Wawili waliobaki walikuwa wapole na walikosa mpira kimya kimya.

Siku moja Kocha aliingia garini na kikombe cha karaki mkononi, akakaa, na hakukanyaga breki hata tulipopita mzunguko mkubwa. Nikajua pana jambo.

"Mkurugenzi wa michezo ameniita," alisema. "Tukiwa wa mwisho tena mwaka huu, timu inafungwa. Timu ikifungwa na mimi sina kazi. Sina kazi, sina kibali. Narudi nyumbani."

"Nyumbani ni kwema, Kocha. Utapumzika."

Akatikisa kichwa. "Nyumbani siwezi kuinama, Ustadh."

Nilidhani anazungumzia mgongo. Nikamwelekeza dawa ya kuchua. Akashukuru, akanywa chai yake, na hakunieleza zaidi.

Uwanja wa nyasi wa mjini tulipewa asubuhi moja tu kwa juma. Kocha alijua timu yake inakosea wapi: walipiga vizuri kutoka mbali, lakini wakifika karibu na shimo, pale penye nyasi fupi panapoitwa grini, ambapo mpira husukumwa taratibu, mikono iliwatetemeka kama ya mwizi. Walihitaji kusukuma mpira kila siku, na mahali hapakuwepo. Ndipo nikamkumbuka Abu Nasir.

Abu Nasir alikuwa mzee wa Kiqatari niliyejuana naye msikitini, mwenye shamba Umm Salal, mitende kidogo na mbuzi wengi. Masikio yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo alisema kwa sauti kubwa. Nilipomweleza haja yetu alicheka, akatupa kipande cha ardhi tambarare, tena akaamuru yatolewe mazulia ya zamani ya barazani kwake yatandikwe mchangani. Mazulia mekundu yenye maua ya waridi. Kocha akakata matundu, akafukia vikopo chini yake, na tukawa na grini ambayo sidhani kama ina mfano duniani. Wanafunzi walijifunza kulenga kwa maua. "Achieng', lenga waridi la pili, liguse ukingoni, mpira utajipinda wenyewe."

Sasa mimi tangu utotoni sijakanyaga zulia na viatu. Siku ya kwanza nilivua vyangu pembeni bila kuwaza, nikaingia kumpelekea Kocha maji. Achieng' akaona.

"Babu amevua viatu."

"Ni zulia," nikamwambia.

Akajitazama miguuni, akaona haya, akavua vyake. Mugisha naye akavua. Kocha akawa wa mwisho, na soksi yake ilikuwa na tundu. Kuanzia hapo timu yetu ilisukuma mpira pekupeku, viatu vimepangwa kando kama mlangoni mwa msikiti, na Kocha akakiri kuwa wanasimama vizuri zaidi. Hakuna aliyewaza kuwa tabia hiyo itatufuata mbali.

Jioni ya pili Abu Nasir alikuja kututazama. Mugisha alikuwa ameinamia mpira. Katika gofu, mtu akiinama hivyo, wengine wote hunyamaza, na asiyenyamaza huonekana hana adabu. Abu Nasir hakuyajua hayo. Alifika kwenye ukingo wa zulia lake, katika shamba lake, akapaza sauti: "Assalamu alaikum!"

Hakuna aliyejibu. Wanne wakasimama kama vigingi. Na Mugisha, Mungu amsamehe, bila kuinua kichwa, alisema: "Shhh!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Salamu kuianzisha ni hiari, lakini kuiitikia ni wajibu, na tumefundishwa tuitikie kwa iliyo bora zaidi. Nikaitikia kwa ajili ya wote, lakini mzee alikuwa amekwisha geuka. Hakugomba. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye zizi, akafungua mlango, na akaondoka. Mbuzi wakaja wote. Walijaa juu ya mazulia, wakalala juu ya maua, mmoja akala bendera ya shimo, na mwingine akasimama mbele ya Kocha akamtazama glavu.

"Ustadh," Kocha aliniambia pole pole, "huyu ananicheki vibaya. Huyu ana ndugu Zambia."

Tulipowaondoa mbuzi jua lilikuwa linazama. Mugisha alijitetea. "Lakini Kocha, ndiyo sheria! Mtu akiwa anapiga hasemeshwi! Nilifanya makosa gani?"

Kocha akakaa juu ya zulia, akakunja miguu, mkono wa shamba juu ya mkono wa harusi. Ndipo akatueleza jambo ambalo hakuwahi kulieleza.

"Mimi nilikuwa na mashindano yangu makubwa," alisema. "Si ya mbuzi. Makubwa. Shimo la mwisho, ninaongoza. Mpira uko hapa, shimo liko pale, mtoto angeutia. Nimeinama. Watu wote kimya. Sasa uwanja ule una njia ya miguu inayoukatiza, wenyeji hupita. Akapita mama mmoja mzee na gunia la sukuma wiki mgongoni. Akaniona nimeinama, akafikiri nimeangusha kitu. Akaniambia, 'Habari yako, mwanangu?'"

"Ukanyamaza?" Mugisha aliuliza kwa matumaini.

"Nitanyamazaje? Mimi nimelelewa. Mama amenisalimia! Lakini fimbo ilikuwa imeshaanza kwenda. Nikasema, 'Mzu...', na mpira ukaondoka. Jibu likatoka nusu na mpira ukaenda nusu."

Hakuna aliyecheka. Achieng' akauliza, "Mama akasema nini?"

"Akasema, 'Pole, mwanangu. Utakipata.' Akaenda zake."

Hapo ndipo Achieng' alipoanguka kifudifudi juu ya maua kwa kicheko, na sote tukamfuata, na Kocha mwenyewe akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akatueleza yaliyobaki, na hayo hayakuwa ya kuchekwa sana. Mpira ule ulimshinda, na ulipomshinda ulimvunja. Hakukaribia tena kushinda. Na mtaani kwao kisa kilienea, ikawa kila akiinama, kufunga kamba ya kiatu au kuokota sarafu, lazima pawe na mtu wa kupiga kelele upande wa pili wa barabara: "Habari yako, mwanangu!" Sokoni, kanisani, hata mazishini. Ndiyo maana alikuja kufundisha mbali. Ndiyo maana alisema nyumbani hawezi kuinama.

"Sasa sikilizeni," alisema. "Miaka yote nilimlaumu yule mama. Kisha nikajilaumu kwa kumjibu. Leo huyu mzee alipofungua zizi ndiyo nimeelewa. Kosa langu si kumjibu. Kosa langu ni kumjibu nikiwa napiga. Mpira haukimbii! Ningesimama, nikamwambia, 'Mzuri mama, na wewe?', nikamsaidia hata kulikaza gunia lake, kisha nikarudi. Mpira ungekuwa pale pale."

Asubuhi yake alikwenda kwa Abu Nasir na timu nzima, wakaomba radhi, wakasalimia hadi mzee akachoka. Akawaruhusu wayatumie tena mazulia. Na kuanzia siku hiyo Kocha akanipa kazi mpya. Nilikaa kando ya zulia kwenye kiti cha plastiki, na kila mwanafunzi alipoinama, nilimsalimu. Assalamu alaikum. Habari za leo. Hujambo. Sharti lilikuwa moja: usijibu ukiwa umeinama. Nyanyuka, jibu jibu kamili, uliza na wewe, kisha rudi kana kwamba ndiyo kwanza unafika. Abu Nasir naye alikuja kila jioni kusaidia, na salamu zake za Kighuba zilikuwa ndefu: hali yako, habari zako, wazee, watoto, mifugo, kisha anarudia mwanzo. Achieng' alizijifunza zote. Alisema ni kama kumchoma mgonjwa sindano: kwanza muulize habari zake hadi asahau.

Siku ya mashindano ilifika. Nilimpitia Abu Nasir Umm Salal, kwa kuwa alisema mazulia ni yake, basi na timu ni yake. Alipanda na chupa ya kahawa. Nilimwacha kivulini, nikamwomba aketi hapo, nami nikasogea kutazama.

Katika gofu, aliyepiga mara chache ndiye mshindi, na mapigo ya timu hujumlishwa. Tulifika shimo la mwisho tukiwa tumekabana mkiani na chuo kingine, na wao walikuwa wamekwisha maliza. Alibaki Achieng' peke yake, na mpira wake ulikuwa karibu na shimo. Akiutia kwa pigo moja, tunakuwa wa pili kutoka mwisho. Akihitaji mawili, tunagawana mkia, na mkurugenzi, aliyekuwa amesimama hapo hapo amekunja mikono, alikuwa amesema mapema kuwa mkia ni mkia.

Achieng' akafika kwenye ukingo wa grini. Akavua viatu, akavipanga. Watatu wenzake, ambao hawakuwa na kazi yoyote humo tena, nao wakavua na kupanga. Kocha akavua. Refa, bwana mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, akatazama ile safu ya viatu, akatoa kitabu cha sheria mfukoni, akakipekua mbele, akakipekua nyuma, akakirudisha. Hakikusema kitu juu ya miguu.

"Kocha," Achieng' alinong'ona. "Hapa hakuna maua."

"Yapo," Kocha alisema. "Waridi la pili."

Akainama. Watu wakanyamaza. Nilimtazama Kocha: mkono wa shamba ulikuwa umeushika wa harusi. Fimbo ilikuwa bado haijarudi nyuma niliposikia kandambili nyuma yangu, nikajua, nikafumba macho.

"Assalamu alaikum!"

Nilifumbua. Abu Nasir alikuwa ameacha kivuli, amesimama ukingoni na chupa yake ya kahawa, anatabasamu. Refa akageuka na kidole mdomoni: "Shhh!" Mkurugenzi akashika paji la uso. Kocha hakufanya kitu. Alikuwa amegeuka jiwe.

Achieng' akanyanyuka. Akaitoa fimbo mbali na mpira, akaishika kando kama mwavuli, akageuka kumwelekea mzee. "Waalaikumu salaam, yaa ammi," alisema, yaani ewe ami yangu, na akaendelea kwa Kiarabu: hali yako, habari zako, mgongo wako, watoto, mbuzi, yule aliyezaa juzi anaendeleaje? Abu Nasir akajibu kila moja kwa furaha, na kila jibu likazaa swali. Refa akaitazama saa yake. Mchezaji ana muda wake, na ukipita anaongezewa pigo. Alianza kusema kitu, lakini Abu Nasir alikuwa amekwisha mgeukia.

"Na wewe, hujambo? Mbona hukuitikia?"

Refa akamtazama mzee, akawatazama wageni waalikwa wa Kiqatari waliokuwa wamesimama wote kwa kumheshimu, akashusha mkono wenye saa. "Waalaikumu salaam," alisema.

"Watoto hawajambo?"

Refa akasema kuwa binti yake amejifungua juma lile lile, mtoto wa kike. Abu Nasir akapiga makofi, akammiminia kahawa. Refa akapokea kikombe kwa mkono wa saa, na saa haikutazamwa tena.

Achieng' akamuaga mzee, akarudi, akainama kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Mpira ulikuwa pale pale. Akausukuma. Ulikwenda taratibu, ukajipinda mahali ambapo hapakuwa na ua lolote, ukaukaribia ukingo wa shimo, ukasimama pale kama mgeni anayebisha hodi, kisha ukaingia.

Sijawahi kuona watu wakisherehekea nafasi ya pili kutoka mwisho namna ile. Mugisha alilia. Washindi wenyewe, waliokuwa wakipigwa picha na kikombe, waliacha wakaja kuuliza tumeshinda nini. Abu Nasir, ambaye hakuelewa lolote, alichinja mbuzi, na Kocha akaomba awe ni yule wa glavu. Mkurugenzi akampa mkono, na timu haikufungwa.

Mara ya mwisho nilipomwona Kocha ilikuwa majuzi. Mkataba wangu umekwisha, na mwili unataka nyumbani, nami namshukuru Mungu kwa vyote viwili. Nilikwenda Umm Salal kumuaga. Alikuwa ametoka likizo Kenya, na nilimkuta peke yake juu ya zulia, pekupeku, ameinamia mpira. Umbali ulikuwa ule ule aliotueleza, mpira hapa na shimo pale. Nikavua viatu kando ya vyake, nikasimama kimya, kwa adabu ya mchezo wao, ili amalize.

Hakupiga. Nikangoja. Naye akangoja. Mbuzi mmoja alikuja, akatutazama, akaondoka. Kocha alibaki ameinama mpaka nikaanza kuhofia mgongo. Ndipo nikaelewa anangoja nini.

"Assalamu alaikum, Kocha."

Akanyanyuka, uso umejaa tabasamu. "Waalaikumu salaam, Ustadh! Mzuri sana! Na wewe? Na mama nyumbani?" Akaja akanipa mkono wa shamba. Akanieleza safari yake. Kule kwao aliinama sokoni kufunga kiatu, na jamaa mmoja, kama kawaida, akapiga kelele, "Habari yako, mwanangu!" Kocha akanyanyuka, akavuka barabara, akamjibu. Akamuuliza hali yake, wazee wake, shamba lake, ng'ombe wake, mmoja mmoja kwa majina, kisha akarudia mwanzo, Kighuba kabisa, hadi yule jamaa akaomba aachiliwe awahi gari. "Sasa nikiinama, Ustadh, mtaa mzima unanyamaza. Wanaogopa nitawajibu."

Kisha akarudi kwenye mpira. Akainama kwa utulivu, hapakuwa na sauti yoyote ya kumsumbua, akausukuma. Ukapita kando ya shimo na kuendelea hadi kwenye ua la pembeni.

Tuliutazama sote wawili.

"Pole, mwanangu," nikamwambia. "Utakipata."

Alicheka hadi akaketi, na nilipofika getini bado nilimsikia.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, nakuombea: Mwenyezi Mungu akupe hicho ulichoinamia kukitafuta, na asikuache uiname kwa muda mrefu bila mtu wa kukusalimu. Akupe subira ya kunyanyuka umjibu kwa ukamilifu, na ukirudi ukute mpira wako uko pale pale. Amina.